Upepo wa Baraza na Mpaka wa Mji

Lubumbashi haina bahari. Iko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi, mbali na kila pwani. Hata hivyo, baraza pana, dari ndefu na madirisha yanayotazamana katika majengo yake ya kale ya tiba ni ndugu wa nyumba za wagonjwa zilizojengwa ufukweni Ulaya. Katika karne ya 19 waganga wengi wa huko waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu. Jina malaria lenyewe, kwa Kiitaliano, ni hewa mbaya. Kwa imani hiyo Waingereza waliwapeleka wagonjwa baharini wapate nguvu. Hospitali ya Margate, iliyoanzishwa 1791, iliwalaza wenye kifua kikuu cha tezi kwenye baraza zilizo wazi, wapigwe na upepo wa bahari. Naye Florence Nightingale, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu hospitali, alitaka wodi ziwe majengo yaliyoachana, kila moja ipitishe hewa kutoka dirisha hadi dirisha.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga Dar es Salaam hospitali ya Ocean Road, ikiielekea Bahari ya Hindi. Lakini upepo ule mzuri uliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji. Hapo ndipo mambo mawili yalipofungwa pamoja: usanifu unaomwonea mgonjwa huruma, na mpango wa kuamua nani astahili huruma hiyo. Hoja yangu ni kwamba tuyafungue. La kwanza ni urithi wa kutunzwa, la pili ni kosa la kukumbukwa.

Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, ilipoanzishwa mwaka 1910, yote mawili yalifika. Wabelgiji walilichukua neno letu baraza, wakalitamka barza, wakaijenga mbele ya nyumba zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakazi Waafrika walihamishiwa kusini, Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, huku eneo tupu lenye upana wa mamia ya mita likiwatenga na mji wa Wazungu. Hospitali nazo zikagawanywa kwa rangi.

Yupo atakayesema kwamba utengano ule ulikuwa wa kisayansi, kwa kuwa mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba mbu ndiye hubeba malaria, na mbu haruki mbali. Kuhusu mbu ni kweli. Lakini wapishi, watunza bustani na wafanyakazi wa nyumbani walivuka eneo lile kila siku, na wengine walilala nyuma ya nyumba za mabwana zao. Kama hofu ingekuwa mbu peke yake, dawa ingekuwa kukausha madimbwi na kugawa vyandarua pande zote mbili. Mpaka uliomruhusu mtu kuja kufanya kazi na kumkataza kukaa ulilinda ukubwa wa bwana kuliko afya ya mji.

Wengine watasema barza imepitwa na wakati, kwani mashine zinaweza kupoza na kusafisha hewa. Utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu hospitali nane za Lima, Peru, unajibu: wodi za kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa mara nyingi zaidi kwa saa kuliko vyumba vipya, hata vile vyenye mashine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kutumia upepo wa asili kuzuia maambukizi hospitalini. Waliojenga zamani walikosea kuhusu chanzo cha malaria, ila dirisha lao bado linapunguza hatari ya kifua kikuu. Katika mji ambako umeme hukatika mara kwa mara, wodi inayotegemea mashine tu hukosa hewa pindi umeme unapokwenda.

Tena mgonjwa wa Lubumbashi halazwi peke yake. Mama, dada au shangazi humfuata na chakula na maji ya kuoga. Kwa hiyo anayechora wodi mpya aulize upepo utaingilia wapi, na jamaa hao watakaa wapi. Barza hujibu maswali yote mawili, mradi safari hii isijengwe kwa ajili ya watu wa upande mmoja wa mji.