Samaki wa dhahabu anaumwa? Anza na maji kabla ya dawa

Jumamosi asubuhi, kwenye ghorofa la Kariakoo, usafi unaanza. Zulia linatolewa nje, vyombo vinaoshwa, na tangi la samaki nalo lina zamu yake. Samaki anahamishiwa kwenye bakuli, maji yote yanamwagwa, kokoto zinasuguliwa, sponji ya filta inakamuliwa chini ya bomba mpaka inakuwa nyeupe. Tangi linajazwa maji mapya, linapendeza kweli.

Jumatatu jioni mtoto anarudi shule anamkuta samaki amelala chini, mapezi ameyabana mwilini, chakula hataki.

Mara nyingi kinachofuata ni safari ya dukani. Muuzaji anaelezwa dalili, anatoa kichupa cha dawa ya buluu, matone yanawekwa, na siku mbili baadaye samaki anakutwa anaelea. Watu wanasema samaki hawa ni wa kufa tu. Si kweli. Samaki wa dhahabu, au goldfishi kama wengi wanavyomwita, anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish, aliyeshindaniwa kwenye maonesho mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43.

Anayekufa ndani ya wiki kwa kawaida hakuwa na bahati mbaya. Maji yake ndiyo yaliyokuwa yanaumwa.

Sumu isiyoonekana

Samaki hutoa taka zake nyingi kupitia mashavu, kwa njia ya amonia. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza vinaongeza amonia nyingine. Mtoni au bwawani amonia hiyo inapotelea kwenye maji mengi. Kwenye tangi la lita 20 haina pa kwenda.

Kinachomwokoa samaki ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji ya filta, kwenye kokoto na kwenye kuta za tangi. Ule utelezi ambao watu wanauona uchafu ndio mtambo wenyewe wa kusafisha.

Sasa rudi kwenye usafi wa Jumamosi. Kusugua kokoto na kukamua sponji chini ya bomba lenye klorini ni kuwaua wafanyakazi wote kwa siku moja. Tangi linang'aa, lakini amonia inaanza kupanda saa hiyohiyo. Tangi jipya kabisa lina tatizo hilohilo: bakteria huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga vizuri, na samaki wengi hufia hapo, kwenye mwezi wa kwanza.

Usafi sahihi unachosha kidogo tu. Kila wiki badilisha robo hadi theluthi ya maji, siyo yote. Vuta uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, lakini usiufyonze kwa mdomo kama fundi anayetoa petroli kwenye tangi la gari. Maji ya samaki yana vijidudu vinavyoweza kumdhuru binadamu. Ujaze mpira maji kwanza, kisha uushushe kwenye ndoo. Sponji isuuze ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Sabuni isiguse chochote.

Bomba, kisima au boza?

Hapa ndipo mkazi wa katikati ya Dar es Salaam anapotofautiana na yule anayefundisha ufugaji kwenye video za Ulaya.

Maji ya bomba ya jiji yanatoka kwa sehemu kubwa Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayoendeshwa na DAWASA. Huwekwa klorini ili kuua vijidudu. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Kwa binadamu kiasi hicho ni salama. Kwa samaki, hata chini ya hapo, klorini inaunguza mashavu.

Dawa yake ni rahisi: kinga maji kwenye ndoo pana, yaache wazi saa 24 au zaidi, na kama una pampu ya hewa itumbukize humo. Klorini inatoka yenyewe. Ukiwa na haraka, dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki inafanya kazi ndani ya dakika chache. Kuchemsha pia kunaiondoa, ila maji yaliyochemshwa hayana hewa. Yapoe kabisa, kisha yamiminwe mara kadhaa kutoka ndoo moja hadi nyingine.

Ndoo ya kunywa iliyotiwa WaterGuard au dawa nyingine ya kutibu maji haifai kwa tangi. Hiyo ni klorini ya makusudi.

Mgao ukianza, kama ilivyotokea Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka, majengo mengi yanahamia kwenye kisima au kununua maji ya boza. Mpangaji anafungua bomba lilelile, lakini maji yanayotoka si yale ya jana. Visima vya maeneo ya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi. Visima vifupi vya mjini vimewahi kukutwa pia na nitrati nyingi, inayotokana na vyoo vya shimo. Kwa hiyo mtu anabadilisha maji ili kupunguza nitrati, kumbe anaongeza nyingine.

Chumvi kidogo haimuui goldfishi. Kinachomwangusha ni mabadiliko ya ghafla. Kabla ya kujaza, onja tone la maji kwenye ulimi. Ukisikia chumvi ambayo wiki iliyopita haikuwepo, badilisha kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe ndani ya saa kadhaa. Maji yaliyotoka kisimani muda huohuo nayo huwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo yapigwe hewa kwanza. Mwenye nafasi aweke dumu mbili za lita 20 za maji ya Ruvu kando, kwa ajili ya samaki tu. Zikikosekana ndani ya nyumba yenye watoto wanne, basi angalau moja.

Joto la Dar na umeme ukikatika

Goldfishi asili yake ni China, ambako alianza kufugwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ni samaki wa maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22 hivi. (Inachekesha kidogo: samaki wa Ziwa Tanganyika waliozoea joto la kwetu wamejaa kwenye matangi ya Ulaya, na sisi tunahangaika na samaki wa baridi.) Kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya tangi kwenye chumba kisicho na kiyoyozi Kariakoo yanaweza kukaa kwenye nyuzi 28 hadi 30.

Joto hilo linaleta mambo mawili. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba takriban miligramu 9, kwenye nyuzi 30 kama 7.5. Halafu amonia nayo inakuwa kali zaidi maji yanapokuwa ya moto na yenye pH ya juu. Kupanda kwa pH kutoka 7 hadi 8 peke yake kunaongeza sehemu yenye sumu karibu mara 10.

Kwa hiyo tangi liwe mbali na dirisha la jua na mbali na jiko. Mfuniko ufunguliwe, uwekwe wavu. Feni ya chaji ikipuliza juu ya maji inashusha joto digrii moja au mbili, na kwa samaki hizo si kidogo. Ile hita inayouzwa pamoja na tangi, mwache muuzaji abaki nayo.

Umeme ukikatika au LUKU ikiisha usiku, pampu inasimama, na baada ya saa chache bakteria wa filta nao wanaanza kukosa hewa. Usimlishe samaki muda huo; siku mbili au tatu bila kula haziui goldfishi mzima. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, dakika chache kila baada ya nusu saa hivi. Pampu ndogo ya betri ni nafuu kuliko samaki watatu. Na kama filta ni ya kufungwa na imezimwa usiku kucha, isuuze kabla ya kuiwasha. Ukiiwasha hivyohivyo, maji yaliyooza ndani yake yanarudi yote kwenye tangi.

Kumsoma mgonjwa

Samaki anayehema juu ya maji, mdomo nje, anasema jambo moja: hewa haitoshi au mashavu yameungua. Mashavu yakiwa mekundu, fikiria amonia. Yakiwa na rangi ya kahawia, fikiria nitriti, ambayo inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Hapo hapo badilisha nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto sawa, ongeza hewa, acha kulisha. Vipimo vya matone au karatasi vinaonesha kwa namba: amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri.

Kwa nitriti, chumvi ya jikoni inasaidia kweli. Gramu moja kwa lita, yaani kama vijiko vinne vya chai kwa ndoo ya lita 20, iyeyushwe pembeni kwanza na kuongezwa taratibu. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, ruka hatua hii.

Anayeelea ubavu au kichwa chini, hasa wale wenye matumbo ya mviringo, mara nyingi amevimbiwa. Goldfishi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Mnyime chakula siku mbili tatu, kisha mpe njegere iliyochemshwa, ikamenywa ganda na kupondwa. Wengine wanapona hivyo. Wengine wana kasoro ya mfuko wa hewa na wataogelea upande maisha yao yote, na wanaweza kuishi vizuri tu.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini ni vimelea. Hawa wanatibika kwa dawa ya dukani, ila dawa inawaua pale tu wanapokuwa wametoka mwilini na kuogelea majini. Ndiyo maana dozi inarudiwa kwa siku kadhaa hata kama vidoa vimepotea. Ushauri wa mtandaoni wa kupandisha joto haufai Dar. Joto tayari lipo, na oksijeni ndiyo itakayopungua.

Magamba yakisimama kama tunda la msonobari na tumbo likavimba, figo zimeshindwa. Wachache sana hurudi kutoka hapo, na mtoto aambiwe ukweli mapema.

Vidonge vya dukani

Kuna tabia ya kufungua kapsuli ya tetrasaiklini au amoksilini na kumwagia tangini. Inamgharimu samaki, maana antibayotiki inaweza kuua bakteria wa filta na amonia ikapanda juu ya ugonjwa uliokuwepo. Inamgharimu pia binadamu: maji yenye dawa yakimwagwa kwenye mtaro, vijidudu vya nje vinapata mazoezi ya kuizoea. Hata ile dawa ya buluu inaweza kudhoofisha filta, hivyo mgonjwa atibiwe kwenye ndoo ya pembeni yenye pampu ya hewa, siyo kwenye tangi kuu.

Daktari wa mifugo anayejua samaki si rahisi kumpata mtaani, lakini utaalamu upo nchini: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha tiba ya wanyama, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya sayansi za majini na teknolojia ya uvuvi. Ofisa uvuvi wa halmashauri naye anaweza kuelekeza pa kuuliza.

Lile bakuli la duara linaloonekana zuri mezani ndilo chanzo cha nusu ya matatizo haya. Goldfishi wa kawaida hufikia sentimita 20 na zaidi. Mmoja anahitaji angalau lita 40, na zaidi ya hapo anavyokua. Lita 100 za maji ni kilo 100, kwa hiyo meza iangaliwe kabla ya tangi.

Na kama familia imeshindwa kabisa, samaki arudishwe dukani au apewe mwingine. Asipelekwe Mto Msimbazi. Huko Burnsville, Minnesota, nchini Marekani, mwaka 2021 mji ulitoa picha za goldfishi wakubwa waliovuliwa ziwani na kuwaomba wakazi waache kuwaachia, kwa sababu wanachafua maji na kung'oa mimea. Kwetu, kumbukumbu ya sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria bado ipo.

Samaki mpya anayenunuliwa badala ya aliyekufa asiingizwe tangini siku hiyohiyo. Akae kwenye ndoo yake wiki mbili mpaka nne, na wavu wake mwenyewe. Akitokeza vidoa, vitaishia kwenye ndoo.