Maudhui ya Uzee katika Bembea ya Maisha: Mifano Kutoka Garissa na Kaskazini Mashariki

Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara ni mgonjwa, mumewe Yona yuko naye kijijini, na binti yao Neema anayeishi mjini anagharimia matibabu. Ni rahisi kuandika kwamba "Sara anaugua" na kuishia hapo. Jibu lenye uzito huenda mbele na kuuliza: uzee hubadilisha nini katika nafsi ya mtu, na nini katika nafasi yake miongoni mwa watu? Mifano ya Garissa na maeneo jirani itakusaidia kuelewa.

(a) Mabadiliko ya kisaikolojia

Kwanza, kumbukumbu. Umri unaposonga, kasi ya kufikiri hupungua na jina lililotajwa jana huponyoka. Hata hivyo, msamiati na maarifa ya miaka mingi hudumu. Mzee mfugaji wa Balambala anaweza kusahau alipoweka bakora yake, ilhali anakumbuka kisima kilichobaki na maji katika kiangazi cha ujana wake. Huo si ugonjwa. Kupotea njia ya nyumbani au kutowatambua wanawe ndiyo dalili ya kumpeleka hospitali.

Pili, hisia. Mwanasaikolojia Erik Erikson alieleza kwamba uzeeni mtu huyapima maisha yake. Akiona yalikuwa na maana, hupata utulivu. Akiona yalipotea bure, hukata tamaa. Zingatia: majonzi ya kufiwa ni ya kawaida, lakini huzuni isiyoisha, inayomnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, ni maradhi yanayotibika. Usiseme "ni uzee tu."

(b) Mabadiliko ya kijamii

Kwa mfugaji, mifugo ni chakula, mahari, sadaka na sauti barazani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mifugo wengi wakafa. Mzee aliyekuwa akiwagawia wengine ngamia sasa husubiri pesa za simu kutoka kwa mwanawe aliye Nairobi. Aliyezoea kutoa amekuwa mpokeaji, na hilo laweza kumuuma kuliko njaa. Sasa mtazame tena Sara: anapotegemea mfuko wa Neema, haugui mwili peke yake.

Serikali nayo ina wajibu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia pamoja na Serikali. Mpango wa Inua Jamii uliwapa waliofikisha miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi.

Hata hivyo, uzee si hasara tupu. Mapigano ya koo yalipoitikisa Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianza juhudi za amani sokoni. Mwaka wa 1993 wazee wa koo waliketi pamoja wakakubaliana juu ya Azimio la Al-Fatah. Silaha yao ilikuwa neno linalosikizwa, na neno hilo lilijengwa na umri.

(c) Namna ya kujibu

Kila hoja iwe na sehemu tatu: taja badiliko, toa tukio kutoka tamthilia, kisha eleza athari yake kwa mhusika. Mifano ya Garissa ni ya kukufungua macho. Katika mtihani, ushahidi utoke kitabuni.

Maudhui haya pia yako nyumbani kwako. Ukifunga shule umkute awoowe au ayeeyo amekaa kimya kivulini, usimpe shikamoo na chai tu ukapita. Muulize jambo analolijua yeye peke yake, kisha umsikilize hadi mwisho. Utamrudishia nafasi ya mtoaji.

Zoezi
1. Fafanua mabadiliko mawili ya kisaikolojia na mawili ya kijamii yanayowapata wazee. (alama 8)
2. "Kumtunza mzazi si kumlipia hospitali tu." Jadili kauli hii ukirejelea Sara, Yona na Neema. (alama 12)