Mada: Kuongeza Polariti ya Kinyume kwenye Kiendeshi cha PWM

Malengo
Ukimaliza mada hii utaweza:
(a) kukokotoa kipindi na muda wa kuwaka;
(b) kueleza maana ya polariti ya kinyume;
(c) kuiongeza kwenye kiendeshi bila kuharibu kazi ya pini nyingine.

1. Mambo ya kukumbuka
PWM ni njia ya kudhibiti nguvu inayofika kwenye taa au mota kwa kuwasha na kuzima pini haraka haraka. Volti ya pini haipunguzwi. Kinachobadilika ni sehemu ya muda ambao pini iko juu. Ikiwa juu robo ya muda, taa hupata umeme robo ya muda, na jicho huona mwanga hafifu usiopepesa.

Kiendeshi ni sehemu ya programu inayowasiliana na kifaa kwa niaba ya programu nyingine. Programu huomba "25%". Kiendeshi ndicho kinachojua namba ya kuandika na rejista ya kuiandikia.

Tutatumia maikrokontrola ATmega328P ya bodi ya Arduino Uno, yenye saa ya 16 MHz. Taima 2 huhesabu kutoka 0 hadi 255, kisha huanza upya. Tukiigawa saa kwa 64:

Hesabu moja = 64 ÷ 16,000,000 s = 4 µs
Kipindi = 256 × 4 µs = 1,024 µs
Mizunguko kwa sekunde ≈ 977

Pini 11 hupanda juu mwanzo wa kila kipindi na kushuka baada ya taima kufikia namba iliyo kwenye rejista OCR2A. Hukaa juu kwa hesabu OCR2A + 1.

*Mfano 1.* Tafuta OCR2A kwa 25%.
25% ya 256 = 64. Basi OCR2A = 64 − 1 = 63.
Muda wa kuwaka = 64 × 4 µs = 256 µs.

2. Tatizo
Chukua taa ya LED iliyounganishwa kutoka 5 V, kupitia kizuizi, hadi pini 11. Taa hii huwaka pini ikiwa *chini*. Programu ikiomba 25%, taa huwaka 75%. Ikiomba 0%, taa huwaka yote. Kwa taa hili ni kero tu. Kwa hita au mota, amri ya "zima" kugeuka "washa kikamilifu" ni hatari.

Unaweza kuiambia kila programu itoe ombi lake kutoka 100. Lakini hapo kila programu italazimika kujua jinsi nyaya zilivyofungwa, na moja ikisahau, hatari inarudi. Marekebisho yanapaswa kukaa mahali pamoja: ndani ya kiendeshi.

3. Kifaa kinatoa nini?
Biti 7 na 6 za rejista TCCR2A huamua tabia ya pini 11:

| Biti 7, 6 | Tabia ya pini 11 |
|---|---|
| 00 | Imetenganishwa na taima |
| 10 | Kawaida: huanza juu, kisha hushuka |
| 11 | Kinyume: huanza chini, kisha hupanda |

Kwa hiyo kugeuza polariti ni kuifanya biti 6 iwe 1. Hesabu ya OCR2A haibadiliki.

4. Hatua za kuongeza
*Hatua ya 1.* Ongeza kwenye kiendeshi kigezo kiitwacho *polariti*, chenye thamani "kawaida" au "kinyume". Thamani ya mwanzo iwe "kawaida", ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi.

*Hatua ya 2.* Badilisha biti 6 peke yake. Biti 5 na 4 za rejista hiyohiyo zinaongoza pini 3. Ukiandika rejista nzima upya, unaweza kuisimamisha mota iliyo kwenye pini 3.

*Mfano 2.* TCCR2A ina 10100011. Tumia operesheni ya AU:
10100011 AU 01000000 = 11100011
Biti 6 imegeuka. Nyingine zimebaki zilivyokuwa.

*Hatua ya 3.* Shughulikia sifuri. OCR2A ikiwa 0, bado hesabu 0 + 1 = 1 hubaki, yaani taa huwaka 4 µs katika kila kipindi. Ili kuzima kabisa, kiendeshi hutenganisha pini na taima, kisha huiweka katika hali ya mapumziko. Kwa polariti ya kawaida, mapumziko ni chini. Kwa polariti ya kinyume, mapumziko ni juu.

*Hatua ya 4.* Wakati wa kuanza, andika hali ya mapumziko kwanza, ndipo uifanye pini iwe ya kutoa. Ukigeuza mpangilio huu, kifaa kitawaka kwa kitambo kabla ya kuamriwa.

Zingatia: Wanafunzi wengi hufanya Hatua ya 2 na kusahau Hatua ya 3. Kiendeshi hicho hufanya kazi vizuri kwa 25%, 50% na 75%, lakini kikiombwa 0% huwasha kifaa chote. Unapojaribu kiendeshi, anza na 0% na 100%.

Maswali ya marudio
1. Kokotoa OCR2A na muda wa kuwaka kwa 75%.
2. TCCR2A ina 11100011. Irudishe pini 11 kwenye polariti ya kawaida bila kugusa biti nyingine.
3. Kwa nini thamani ya mwanzo ya kigezo cha polariti ni "kawaida"?

Majibu
1. 75% ya 256 = 192; OCR2A = 191; muda = 192 × 4 µs = 768 µs.
2. 11100011 NA 10111111 = 10100011.
3. Ili programu zilizoandikwa kabla ya kigezo kuongezwa zipate matokeo yaleyale.