Mr., Mrs., Miss na Ms.: Fomu Inakuuliza Nini?

Ndugu wasomaji,

Wengi wenu mmekwisha kuziona herufi hizi. Ziko kwenye fomu za Kiingereza, za benki na za maofisi mengine. Kabla ya mahali pa jina pameandikwa Mr., Mrs., Miss na Ms., na karani anasema, "Weka alama hapo." Sasa uweke wapi?

Tuanze na wanaume, maana kazi yao ni ndogo. Mr. husomwa "mista". Ni kama Bwana. Awe ameoa au hajaoa, kijana au mzee, yeye ni Mr. basi.

Kwa wanawake, Kiingereza kinauliza jambo ambalo wanaume hawaulizwi: umeolewa? Mrs., yaani "misizi", ni aliyeolewa. Miss, yaani "misi", ni ambaye hajaolewa. Zamani haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1700 huko Uingereza, mwanamke mtu mzima mwenye heshima zake aliweza kuitwa Mrs. hata kama hakuwa na mume. Habari za ndoa ziliingia baadaye.

Ms. husomwa "mizi". Hiyo humtaja mwanamke bila kuuliza ndoa yake. Ilipendekezwa katika gazeti moja la mji wa Springfield, Marekani, mwaka 1901. Lakini ilienea hasa baada ya mwaka 1972, wanawake wa huko walipoanzisha gazeti lenye jina hilo hilo. Mjane, aliyeachika, mwenye mume, msichana, wote wanaweza kuweka alama hapo. Kwa maoni yetu hiyo inawafaa akina mama wengi. Karani ana haja gani na mambo ya nyumbani kwako?

Kisha kuna jina lenyewe. Waingereza huliweka neno la heshima mbele ya jina la ukoo. Julius Nyerere kwao ni Mr. Nyerere, siyo Mr. Julius. Sisi hutaja jina la mtu mwenyewe. Bibi Titi Mohamed, aliyepigania uhuru pamoja na TANU, nchi nzima ilimwita Bibi Titi. Mohamed ni jina la baba yake. Ukisema "Mrs. Mohamed", Mwingereza atadhani Mohamed ni mumewe!

Hapo ndipo penye hatari. Mama mmoja muuza karanga katika Soko la Majengo alikwenda kuweka akiba yake. Karani alimwuliza kama ana mume. Akajibu ndiyo. Karani akaandika Mrs. na jina la mume, mama akatia sahihi. Lakini kitambulisho chake kina jina la baba yake. Siku alipotaka fedha akaambiwa, "Huyu wa kwenye fomu si wewe." Nenda rudi, nenda rudi, mpaka kwa wakili kula kiapo. Fedha zilikuwa za mbegu, na mvua za kwetu Dodoma hazimngoji mtu. Alipanda amechelewa.

Akina mama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali na kufanya mikataba. Kwa hiyo mali yako iandikwe kwa jina lako, lile lile lililo kwenye kitambulisho. Mama Neema ni jina zuri la kuitana na majirani, lakini fomu hailijui. Kama karani anakujazia, mwambie akusomee kabla hujatia sahihi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sisi tulikuwa na neno Ndugu. Mkulima ni Ndugu, waziri ni Ndugu, mwanamke na mwanamume vile vile. Halikuuliza ndoa ya mtu. Siku hizi Bungeni ni Mheshimiwa, na Ndugu husikika zaidi katika mikutano ya chama. Sisi bado tunalipenda, ndiyo maana tumeanza nalo hapo juu.

Angalieni pia herufi M na F. Wapo akina mama wanaoona M wakafikiri ni "mwanamke". Sivyo. Kwa Kiingereza M ni mwanamume, F ni mwanamke. Fomu za Kiswahili huandika Me na Ke. Na pale pa sahihi usiandike Mr. wala Mrs. Andika jina lako tu.