Mabee: Msaada wa jengo unaokuja mwisho

MWAKA 1907 John Mabee na mkewe Lottie walihama Missouri kwenda Oklahoma, Marekani, kutafuta shamba. Utajiri wao haukutoka shambani bali kwenye mafuta, na mwaka 1948 wakaanzisha mfuko wa hisani wenye makao mjini Tulsa. Wenyewe wamekwishafariki, lakini mfuko huo umegharamia ujenzi wa vyuo, hospitali na vituo vya vijana katika majimbo sita: Oklahoma, Texas, Kansas, Missouri, Arkansas na New Mexico.

Kinachostahili kutazamwa na mkulima ni masharti yake. Mfuko hutoa sehemu tu ya gharama, tena kwa ahadi. Tuseme jengo linahitaji dola milioni 5 na ahadi ni milioni 1. Wenye mradi hupewa mwaka mmoja kukusanya milioni 4 zilizobaki. Wakishindwa, ahadi inakufa.

Kwa nini ni dawa? Kwa sababu mchangiaji mdogo anajua kwamba dola yake 20 inavuta fedha nyingine, na anajua siku ya mwisho. Vijijini kwetu mambo huenda kinyume. Mfadhili au mgombea hutoa mifuko ya saruji kwanza, watu wanapiga makofi, kuta zinafika kwenye lenta, kisha kimya. Maboma ya namna hiyo tunayajua. Mengine yameota miti ndani.

Hata hivyo, utaratibu wa Mabee una pengo. Kwa kawaida mfuko haulipi madeni wala gharama za uendeshaji. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyejenga maktaba nyingi, alikuwa mjanja zaidi hapo: mji uliotaka maktaba ulipaswa kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa, kwa ajili ya kuiendesha.

Ushirika unaoomba ghala la bure ufanye kwanza hesabu hiyo. Ghala likipokea magunia 2,000 kwa msimu na kila gunia likatozwa Sh500, inapatikana Sh1 milioni. Mlinzi mmoja wa Sh100,000 kwa mwezi anaimaliza yote kwa miezi kumi, kabla ya dawa ya wadudu, umeme, au bati moja kung'olewa na upepo.