Matibabu ya Waliopigana Vita vya Kagera: Jinsi ya Kuipata Huduma

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, vijana wa pande zote za nchi waliitikia wito. Baadhi yao walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Maelfu wengine walikuwa wanamgambo walioacha majembe mashambani. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya vita wanamgambo wengi walirejea vijijini. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule leo ni mzee, naye hupanga foleni ya dawa kama wazee wengine.

Malalamiko yao yanafanana. Mmoja huambiwa alete karatasi za vita, ilhali mchwa walikwisha kuzila. Mwingine, mstaafu wa jeshi, huelezwa kwamba mwenye pensheni si maskini. Naye akiifikiria hospitali ya jeshi, kama ile ya Lugalo jijini Dar es Salaam, nauli humshinda. Si ajabu wakinung'unika kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Yafaa basi utaratibu ueleweke. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mambo yanayotazamwa ni umri na hali ya maisha. Msamaha huo hauulizi mtu alipigana wapi. Kwa hiyo aliyepoteza karatasi za vita asikate tamaa. Mwenye pensheni isiyokidhi mahitaji naye aieleze hali yake ili ipimwe, asijihukumu mwenyewe akabaki nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kumwona Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, ukiwa na kitambulisho kinachoonyesha umri wako. Serikali ya kijiji ndiyo inayowajua wakazi wake, na Afisa Ustawi wa Jamii ndiye mshauri wa masuala ya msamaha. Ukiugua, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate barua ya rufaa endapo itahitajika. Ukikataliwa dirishani, usiondoke kimya: omba kuonana na Afisa Ustawi wa Jamii au mganga mfawidhi. Tunza nakala ya kila karatasi unayopewa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka msingi wa wasio na uwezo kugharimiwa. Wazee wafuatilie kwa watendaji wao namna ya kuandikishwa.

Hata hivyo, linabaki jambo ambalo utaratibu huu haulitibu. Mzee aliyeilinda mipaka ya nchi hutibiwa kwa sababu ni fukara, wala si kwa sababu alipigana. Alichokitolea jasho na damu hukipokea kwa jina la msamaha. Jina hilo humwuma, na wapo wanaochagua kuugulia ndani kuliko kuomba. Wazee wetu, msifanye hivyo. Nasi watumishi, anapofika dirishani mzee wa namna hiyo, tumpishe, tumwamkie, tumsikilize kwanza. Karatasi zifuate baadaye.