Ujuzi wa Bao Haupatikani kwa Siku Moja

Kama unaye kijana nyumbani, bila shaka umekwisha kumwona ameinamia simu yake akiongoza majeshi ya angani. Katika michezo ya namna hiyo wamo wahusika wa kubuni, marubani na makamanda, ambao kila wakishinda pambano huongezewa alama. Alama zikitimia, hupandishwa daraja na kupewa ujuzi mpya. Kijana hufurahi kuona rubani wake amekuwa hodari. Lakini hapana budi tuulize: aliyeongezeka ujuzi ni nani hasa, rubani wa ndani ya simu au kijana mwenyewe? Hatusemi kwamba michezo hiyo haina faida, maana nayo hudai mipango na uangalifu. Tunasema tu kwamba sehemu kubwa ya ujuzi unaohesabiwa humo ni mali ya mhusika, na simu ikizimwa mhusika naye huzimika.

Wazee wetu wa pwani walituachia mchezo wa vita usiokuwa na rubani wala kamanda wa kubuni, nao ni bao. Kete zake zote ni sawa. Hakuna kete yenye cheo kuliko mwenzake, wala hakuna inayopata nguvu zaidi kwa sababu jana ilishinda. Kinachokua ni akili ya mchezaji peke yake. Makala haya yanakusudia kukueleza jinsi akili hiyo inavyokua, na kwa nini leo, katika maeneo kama Mapinga, ngazi ya kuipandia imeanza kukatika.

KUTAZAMA KABLA YA KUGUSA

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake, na kete ni 64, kwa desturi komwe za mkomwe. Mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele, moja kila upande, huitwa vichwa. Katika safu hiyo hiyo ya mbele limo shimo moja la pembe nne, nalo huitwa nyumba.

Mwanafunzi wa bao huanza kwa kukaa kando na kutazama. Hapewi kitabu wala cheti. Lakini watazamaji wa bao si watu wa kunyamaza: mmoja atacheka, wa pili atagutuka, wa tatu atamlaumu mchezaji kwa kuacha mlo ulio wazi. Kwa kusikiliza ubishi huo mwanafunzi hujua kwamba mchezo ulioonekana mzuri kwake kumbe ulikuwa mtego. Macho yake yakishazoea, hupewa nafasi wakati wazee wamepumzika.

HESABU ZA KIDOLE, HATIMAYE ZA KICHWA

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo mwanafunzi haanzi na bao la watu wazima. Huanza na lile linaloitwa bao la kujifunza, ambamo kila shimo huwekwa kete mbili, na hakuna kete inayobaki mkononi. Hapa hujifunza kuteka kete za shimo moja na kuziangusha moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo wake hulala na zamu huhamia kwa mwenzake.

Mwanzoni mtoto huhesabu kwa kidole, shimo baada ya shimo. Siku zikipita, kidole hutulia na jicho huchukua kazi. Tazama mfano huu. Kete ulizokula huanza kusambazwa kutoka kichwa. Ukiwa na kete tano, ukaanzia kichwa cha kushoto, ya tano huangukia nyumbani. Ukianzia kichwa cha kulia, nne zatosha kufika huko. Kete 12 hujaza safu nzima ya mbele na mashimo manne ya nyuma. Kete 16 huzunguka upande wako wote. Mchezaji aliyeiva hahesabu tena mambo haya, bali huyajua kama unavyoujua mlango wa nyumba yako gizani.

Mzazi atambue kwamba hapa mtoto anajumlisha, anatoa na kukadiria bila kuambiwa kwamba anafanya hesabu.

KUJENGA NYUMBA NA KUILINDA

Daraja linalofuata ni bao lenyewe la Kiswahili. Kila mchezaji huanza na kete sita nyumbani, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Kete 22 zilizosalia hukaa mkononi, akaziingiza moja moja. Kipindi hiki huitwa namua. Ukiingiza kete katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la adui lililo mkabala nalo likawa na kete pia, unakula. Nafasi ya kula ikiwapo, huna ruhusa ya kuikwepa. Basi fundi huweza kukulisha kete mbili kwa makusudi ili mwendo wako ukupeleke mahali usipopataka.

Hapa ndipo tabia ya mtu hujulikana. Nyumba ikizidi kunenepa ni akiba, lakini ni shabaha vile vile, kwani adui aweza kuila yote kwa mkupuo mmoja. Mwendo wako wa kula ukiishia nyumbani, una hiari: ulale hapo, au uivunje nyumba na kuendelea na safari. Mwoga hulala mpaka akaporwa. Mwenye pupa huvunja mapema, akabaki hana akiba. Hakuna kanuni ya kukariri itakayokwambia saa ya kuvunja. Mtu huijua saa hiyo kwa kuikosea mara nyingi, na kila kufungwa ni ada ya somo. Ushindi unaopatikana kabla kete hazijaisha mkononi huitwa mkononi, na aliyefungwa hivyo huwa na mengi ya kutafakari usiku huo.

MTAJI NA UFUNDI

Kete za mkononi zikiisha huingia kipindi cha mtaji. Sasa mchezaji huanzia shimo lenye kete mbili au zaidi. Kete ya mwisho ikila, zilizoliwa hutembea tena, nazo zikila huendelea, na zamu moja yaweza kubadili sura ya bao lote. Katika sataranji, mchezaji akisogeza kete moja, nyingine kwa kawaida hubaki pale pale. Katika bao karibu kila shimo laweza kubadilika kabla hujapumua. Kuona mwisho wa mwendo kama huo kabla ya kugusa kete ndiko kunakompa mtu jina la fundi au bingwa. Ubingwa huo umewavutia hata wataalamu wa mbali. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu.

Anayebaki bila kete katika safu ya mbele, au bila shimo la kuanzia, amefungwa. Ubaoni hapana mkubwa wala mdogo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi wa mchezo huu, na ubaoni kete za rais na za mkulima ni komwe zile zile.

NGAZI INAKATIKA

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukaipita Bunju, utafika Mapinga, na mbele yake Kerege. Sehemu hizi zilikuwa vijiji vya mashamba na minazi. Leo mji umezifuata. Mashamba mengi yamekuwa viwanja, na nyumba mpya zimezungushiwa kuta na mageti. Hatuyalaumu maendeleo. Lakini baraza iliyoelekea njiani, ambapo mtoto aliyetumwa dukani aliweza kusimama akatazama bao, haimo ndani ya ukuta. Hatua ile ya kwanza ya kutazama ikikosekana, hatua nyingine zitasimama juu ya nini? Bao laweza kubaki katika maduka ya vinyago, watalii wakalinunua na kulitundika ukutani, huku wajukuu wa mafundi hawajui nyumba iko shimo la ngapi.

Dawa yake haihitaji fedha. Chimba mashimo 32 uani, okota kokoto 64, uanze na bao la kujifunza. Mwite babu wa jirani, usisubiri ajikaribishe mwenyewe. Waite na mabinti, kwani barazani nafasi ilikuwa zaidi ya wanaume, na hakuna kanuni ya bao inayouliza jinsia ya mkono unaoangusha kete. Mwache mtoto afungwe, tena asihurumiwe. Siku atakapokufunga wewe mzazi bila kuhurumiwa, utajua kwamba aliyepanda daraja ni yeye mwenyewe, na ujuzi huo hakuna wa kuuzima.